Dogo alizama lambo Jumamosi, leo joto limepanda, nimpe amoksilini?

Wakuu habari za mchana. Mtoto wa dada, miaka 9, juzi alizama lambo huku Shinyanga akiogelea na wenzake, wachungaji wakamtoa kalegea, akatapika maji ya tope ndo akazinduka. Zahanati wakasikiliza kifua wakasema kiko safi turudi nyumbani. Sasa leo anakohoa makohozi ya njano, mwili wa moto, usiku alikuwa anahema balaa. Bibi yake anataka ampe maziwa eti yasafishe mapafu, mi nina amoksilini zilibaki ndani, nianze nazo?

Mtemi wa Kanda: Maziwa yanaenda tumboni mkuu, mapafu yatayaonea wapi? Wahi hospitali.

nesi_mstaafu: Usimpe hizo amoksilini. Kwenye maji baridi yaliyotuama kuna bakteria anaitwa Aeromonas, huyo amoksilini haimfanyi kitu, na lambo ng'ombe wanakunywa na kunya humo humo kwa hiyo wadudu ni mchanganyiko. Zahanati kumsikia kifua safi Jumamosi si ajabu, hata eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu halafu baada ya siku mbili mapafu yakaonekana yana madoa kila upande. Homa ya siku ile ile mara nyingi ni mapafu kukasirishwa na maji tu, ila homa inayokuja baadaye na makohozi juu, hiyo chukulia ni nimonia. Muangalie sasa hivi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Pua zinatanuka?

Bin Tanga: Sasa si wangempa tu dozi siku ile ile yaishe?

nesi_mstaafu: @Bin Tanga hapana, kila aliyezama akipewa dawa bila dalili unaua wadudu dhaifu unabakiza sugu, ndo maana wanasubiri dalili, labda awe amezama kwenye maji ya choo. Huko kwenu baharini wadudu wenyewe ni wengine, kina vibrio.

Muuliza swali: Mbavu zinaingia kweli. Tumefika hospitali ya wilaya, kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kimesoma asilimia 89 wamemuweka oksijeni, wanasema ni nimonia ya kawaida

nesi_mstaafu: Waambie alizama LAMBO, na siku gani. Usiposema hawatajua, na dawa ya kuanzia inabadilika. Makohozi yapelekwe maabara kuoteshwa wajue ni mdudu gani, ikiwezekana kabla ya sindano ya kwanza.