Asali yangu ni safi, ila moyo umechoka: ninyi mnaendeleaje bila kujigeuza?

Muuza asali, Kampala

Habari zenu ndugu zangu. Nimesoma kwenye jukwaa hili kwa muda mrefu bila kuandika, na leo ninaandika kwa sababu nimefika mahali ambapo sijui kama ninahitaji ushauri wa biashara au wa kuwekwa sawa tu na watu wanaoijua kazi hii.

Ninanunua asali kwa warinaji wa vijiji vilivyo karibu na Arua. Shangazi yangu ndiye anayeipokea na kuichuja, kisha madumu huletwa Kampala kwa basi, safari ya karibu kilomita 500. Mwaka 2024, daraja la Karuma kwenye mto Nile lilipofungwa kwa matengenezo na mabasi yakalazimika kuzunguka kwa njia ya Paraa, nilivumilia, kwa kuwa ilikuwa shida ya watu wote. Hii ya sasa ni yangu peke yangu. Dumu la lita 20 ninalinunua kwa shilingi 280,000, nauli yake ni 20,000, na kila chupa ya kilo moja pamoja na kifuniko na lebo hunigharimu 1,500. Mteja anayenijia moja kwa moja ninamuuzia kwa 20,000, na maduka manne ninayoyapelekea hununua kwa 15,500 na kulipa baada ya mwezi. Katika mtaa huohuo kuna mtu anayeuza chupa ya ukubwa uleule kwa 12,000, na asali yake haigandi hata ikikaa rafu mwaka mzima.

Yangu huganda. Miezi miwili iliyopita mwenye duka mmoja alinirudishia chupa 11, akaipindua moja mbele ya wateja, akaonyesha kwamba haitoki, na akasema kwa sauti kuwa nimetia sukari. Niliporudi nyumbani nilifanya jambo ambalo sijamwambia shangazi: nilimimina dumu zima kwenye sufuria nikaichemsha juu ya jiko la makaa. Ilikuwa nyeusi kuliko kawaida, ile harufu ya maua ikapotea, lakini ilitiririka vizuri. Niliiuza yote. Hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika, na hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko chupa zilizorudishwa.

Juu ya hayo, kijana anayenisaidia kutengeneza video ameniandikia maneno ya kusema kwa Kiingereza, kwamba nilianza bila chochote na kwamba bibi yangu alinirithisha siri za nyuki. Bibi yangu aliogopa nyuki kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ninawauliza mlio na biashara ndogo: mnapata wapi nguvu ya kuamka na kufungua, na mnawezaje kubaki vile mlivyo wakati soko linaonekana kumlipa zaidi anayejigeuza?

Mkaanga kahawa, Mbale

Dada, pole kwa dumu lile, na nakushukuru kwa kulitaja, maana wengi wetu tunalo la namna hiyo na tunalinyamazia.

La kwangu lilikuwa pakiti. Nilipoanza kukaanga na kusaga kahawa ya Bugisu, rafiki mmoja alinishauri niipe jina lenye mlio wa Kiitaliano na picha ya daraja la mji wa Ulaya, kwa kuwa wateja wa mjini, alivyosema, hawaamini kitu kilichotoka nyuma ya nyumba yao. Miezi ya mwanzo iliuzika vizuri. Kisha siku moja akaingia mama mmoja kutoka Sironko, akainusa, akaniuliza kwa Kimasaba inatoka wapi, nami nikaanza kujiumauma, nikatafuta maneno ya kuzunguka, huku mlima Wanale ukionekana mlangoni nyuma yake na kahawa yenyewe imechumwa kwenye miteremko ya Elgon iliyo jirani. Nilikuwa ninauficha mlima ambao mteja wangu angeweza kuuona kwa kugeuza shingo tu. Nilibadilisha pakiti. Sitakudanganya kwamba mauzo yalipanda. Yalishuka kwa msimu mzima, na waliobaki walikuwa wachache, ila hao ninawajua kwa majina na nikikaanga vibaya wananiambia. Nadhani hicho ndicho unachokikosa. Umezungukwa na watu wasioweza kuitofautisha asali yako, na fundi asiye na mtu wa kumwona akikosea huchoka upesi.

Kuhusu kuganda, asali hufanya chenga kwa sababu sukari ya glukosi iliyomo hujitenga na maji na kushikana. Ile yenye glukosi nyingi ikilinganishwa na fruktosi, sukari nyingine iliyomo, huganda mapema, na baridi kidogo huharakisha jambo hilo. Kwa kuirudisha, chupa iwekwe katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 hivi, iachwe humo bila haraka. Moto mkali ndio uliokupotezea harufu. Lakini naomba usiende upande wa pili ukawaambia wateja kwamba kuganda ni uthibitisho wa usafi. Asali iliyotiwa shira ya sukari nayo inaweza kuganda, na iko asali safi inayokaa muda mrefu ikiwa maji. Vivyo hivyo ile michezo ya kuidondosha kwenye glasi ya maji au kuchovya njiti ya kiberiti haithibitishi chochote. Ukiujenga uaminifu wako juu ya jambo lisilo kweli, hata kama leo linakufaa, utakuwa umerudi kwenye sufuria kwa njia nyingine.

Fundi cherehani, Owino

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimekiona kibaya kikijitembeza humu sokoni hadi kikaisha chote kabla ya saa nne asubuhi, wakati kizuri kimening'inia kinakusanya vumbi. Kwa hiyo, dada, usiisubiri asali ijisemee.

Kuhusu nguvu ya kuamka, mimi huwa sina. Huwa ninaacha kazi moja rahisi jioni, kama kushona vifungo, ili asubuhi mkono uanze bila kuuomba moyo ruhusa. Moyo hunikuta kwenye shati la tatu.

Mfanyabiashara wa mpakani, Busia

Ninawaheshimu walionitangulia, lakini nadhani tunamtibu dada huyu moyo wakati kinachouma ni mfuko. Mimi ninauza hapa mpakani kwa shilingi za nchi mbili, na mtu asiyepiga hesabu kila jioni hapa hamalizi mwaka, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na namba zake mwenyewe.

Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kama kilo 28. Tuseme nta na takataka za kuchuja zinaondoa kilo 2. Zinabaki chupa 26. Gharama yake ni 280,000 za asali, 20,000 za nauli na 39,000 za chupa, jumla 339,000, yaani karibu 13,000 kwa kila chupa. Anayemuuzia mkononi anampatia faida ya 7,000. Duka linampatia 2,500, tena baada ya mwezi. Sasa dada, ukipanda bodaboda kupeleka chupa 6 dukani kwa 10,000 kwenda na kurudi, faida yote ya 15,000 imebaki 5,000, na hapo hatujagusa ushuru wa asilimia 0.5 wa kutoa pesa kwenye simu, hatujagusa ada ya kutolea yenyewe, wala chupa zinazorudi. Umefanya kazi asubuhi nzima kwa shilingi 5,000 ambazo utazipata mwezi ujao. Hata mimi ningechoka, na ningeanza kujiuliza kama nina wito.

Sikubaliani pia na wazo kwamba jirani wa 12,000 ni mshindani wako. Bei yake iko chini ya gharama yako, kwa hiyo ama ananunua mahali usipopajua, ama anauza kitu kingine ndani ya chupa inayofanana. Huna namna ya kujua ni lipi kwa kuangalia, na usimtaje mtu kwenye video zako, maana biashara haigombi. Ukitaka kujua asali yako imesimama wapi, Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, liko Bweyogerere na lina maabara. Ulizia gharama ya kupima, na matokeo uyaweke mezani.

Ningekuwa wewe ningeacha maduka mawili yanayolipa kwa kuchelewa, nikajipangia ujira wa kila siku, hata uwe mdogo, ukaingia kwenye daftari kama gharama nyingine yoyote. Usipojilipa, kila mteja mkorofi anakuwa anakutukana bure. Na hizo video, zungumza lugha unayouzia. Mimi sijawahi kumuuzia mtu wa Malaba kwa Kiingereza.

Mrina asali, Yumbe

Mimi niko upande wa mizinga, na nina neno moja ambalo halijasemwa. Mwambie shangazi asipokee masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Asali ya masega yaliyo wazi bado ina maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 hivi huchachuka ndani ya chupa, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa kwa mteja. Warinaji wengi huvuna usiku kwa haraka, wakachanganya yote kwenye ndoo moja, na moshi ukiwa mwingi asali yote huwa na ladha ya kuungua. Ukiwaongezea kidogo walioleta masega yaliyofunikwa, wenzao watajifunza bila kuhubiriwa. Tena siku moja njoo uvune nasi. Utaumwa, lakini utakuwa na la kusema kwenye video bila kumsingizia bibi.

Muuza asali, Kampala

Nimesoma majibu yenu mara mbili na nimecheka hapo kwa bibi. Hesabu ya ndugu wa Busia niliipiga tena kwenye daftari langu, nikakuta hali ni mbaya kidogo kuliko alivyosema, kwa sababu dumu la mwisho lilikuwa na takataka za kilo 3. Nimewapigia simu wenye maduka mawili: mmoja amekubali kulipa papo hapo kwa 16,500, wa pili amesema nikachukue chupa zangu, nami nimezichukua. Shangazi nimemweleza habari ya sufuria. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akaniuliza ni dumu la nani, nilipomtajia mrinaji akasema, "Yule mzee hutembea mwendo wa saa tatu kuleta asali ile."

Nimeandika karatasi ndogo ya kufunga shingoni mwa chupa, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiganda upande wa pili: asali hii yaweza kuganda, iweke katika maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Swali langu lililobaki ni dogo. Chupa ninazotumia zina mdomo mwembamba, na asali ikishaganda haitoki mpaka iyeyushwe. Kuna anayejua wanakouza zenye mdomo mpana hapa Kampala kwa bei isiyozidi sana 1,500?

Fundi cherehani, Owino

Jaribu Kikuubo, kwa wauza vyombo vya plastiki, lakini nenda na chupa yako ya sasa mkononi ili wasikuuzie kifuniko kisichokaza. Na ukishapata, niwekee mbili za kilo moja. Iliyoganda, tafadhali, watoto wangu huipaka kwenye mkate.