Pikipiki zimefika mlango wa chuo cha Kurani, watoto wetu hapa Amu (Lamu) wacheze wapi?

MamaWawili_Amu

Assalam alaykum jamani. Naandika saa hii mwanangu amelala, mguu umefungwa bendeji kutoka kifundoni mpaka karibu na goti, alhamdulillahi mfupa haukuvunjika. Ana miaka 6. Juzi baada ya alasiri walikuwa watoka chuoni yeye na wenzake, mnajua watoto wakifunguliwa wanavyotoka mbio, sasa pale konani pikipiki ikatokea, yule kijana alishika breki lakini mchanga ule haushiki, ikamburura. Champali moja tuliiokota kwenye mtaro wa maji machafu, ya pili mpaka leo haijaonekana na kila akiamka ananiuliza champali yake iko wapi.

Yule kijana simlaumu sana, alimbeba mwenyewe mpaka hospitali na usiku akaja na mamake kutupa pole. Kinachoniuma ni kwamba mimi nimezaliwa hapa, nimekulia vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Mamangu akinituma dukani alikuwa hana wasiwasi, kutoka kwetu mpaka dukani kulikuwa na madaka manne, zile baraza za mlangoni, na kila daka kuna mtu mzima amekaa, nikipigana njiani nikifika nyumbani habari ishafika kitambo. Sasa huku juu tulikohamia njia ni pana, viwanja tulivyokuwa tukivijua vimejengwa, na kile kimoja kilichobaki kimezungushiwa mabati tangu mwezi uliopita. Nikimfungia ndani anashinda na simu mpaka macho mekundu, nikimtoa roho inanidunda. Nyinyi mwafanyaje na watoto wenu? Na sheria inasema chochote ama ni la kumwachia Mungu tu?

Nahodha_Mstaafu

Pole sana mwanangu, Mungu amponye mtoto. Hilo la madaka umesema kweli tupu. Zamani zetu aliyekuwa na mbio mjini ni punda aliyeshtuka, na kwato zake utazisikia kabla hajakufikia ukajibanza ukutani. UNESCO waliuandika Mji wa Kale kwenye urithi wa dunia 2001 na wageni waja kupiga picha milango, lakini sisi tuliokulia mle twajua ule wembamba wa njia ndio uliokuwa ukilinda watoto, hakuna tuta wala bango. Marufuku ya pikipiki tumeisikia ikitangazwa, sawa, lakini yataja Mji wa Kale. Watoto wengi siku hizi walala nje ya huo Mji wa Kale. Kwa hiyo kuta zimepatiwa ulinzi na watoto waliohamia huku juu hawana, na waliowajengea mitaa hii hakuna aliyewaza mtoto atapita wapi.

Bi_Shella_Malindi

Pole mamii. Huku Malindi kwetu ni tuktuk na magari ya Mombasa, sisi wazazi tumejipanga zamu, asubuhi mmoja anasimama na leso nyekundu anavusha watoto wa shule. Matuta tumeomba bado twangoja. Lakini nataka kuongeza kitu, mtoto asiye na uwanja huku kwetu huenda ufuoni, na ufuoni si kila mtu mzima anayemwita mtoto amnunulie soda ana nia nzuri, haya tumeyaona kwa macho. Kwa hiyo ukisikia watu wasema uwanja ni anasa, wajibu hivyo. Na namba 116 ya watoto ni bure, ihifadhini kwenye simu, msingoje jambo litokee ndio muulizane.

Mwalimu_wa_Chekechea

Dada pole, na naomba usimgombeze mtoto. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukadiria mwendo wa chombo kinachomjia, aona pikipiki iko mbali na kwake mbali ni mbali tu, hesabu ya mbio bado kichwani haijakaa vizuri. Mwambie mara mia aangalie kulia na kushoto, ni vizuri, lakini usimtegemee yeye. Mahali ndipo pabadilike.

Kuhusu simu nami naona darasani. Wale wanaokuja kwangu hawajawahi kuchimba mchanga wala kuparamia kitu, vidole vizito, penseli inamponyoka, halafu akisukumwa kidogo ni kilio kwa sababu hajazoea kugombana na kupatana. Kucheza ndio masomo ya umri ule.

Sasa sheria. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataja wazi haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Lakini ukiniuliza mimi, kitu chenye nguvu zaidi kwako ni Jedwali la Nne la Katiba, watu hawalisomi. Kule kazi zimegawanywa, na barabara za kaunti, usimamizi wa magari, bustani na sehemu za burudani, pamoja na chekechea, zote zimewekwa kwa kaunti. Kwa hiyo usizungushwe uambiwe nenda Nairobi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na katikati hapo wananchi waitwe watoe maoni. Mimi nimehudhuria vikao hivyo, wanaume wasema barabara, barabara, hakuna anayesema uwanja wala njia ya chuo, basi haiandikwi. Andikeni barua fupi, wekeni sahihi za wazazi, ipokelewe kwa muhuri na mbaki na kopi. Na yale mabati, kaulizeni ofisi ya ardhi kiwanja kiliandikwa cha nini, ulizeni mapema kabla msingi haujamwagwa.

MwanaAmu_Uholanzi

Poleni. Mimi niko huku Uholanzi na watu hudhani hawa walizaliwa na baiskeli na njia salama, sivyo. Mwaka 1971 magari yaliua watu zaidi ya 3,000 nchi hii na zaidi ya 400 kati yao ni watoto. Wazazi ndio waliotoka, wakafunga barabara, wakalala chini na baiskeli zao, na kelele zile ndizo zilizobadilisha sera, mpaka 1976 ikaingia sheria ya mitaa ya makazi ambayo gari laingia kwa mwendo wa mtu anayetembea na mtoto aruhusiwa kucheza njiani. Nilipoiona mara ya kwanza nikasema hii si ni Amu ya nyanya yangu! Shirika la Afya Duniani lasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29, na kwamba penye watoto mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kwa vichochoro vyetu hata hizo 30 ni nyingi.

Boda_wa_Langoni

Mimi ni mtu wa pikipiki, na nina binti miaka 5. Ukweli ni huu, nikienda polepole mteja anilalamikia, kesho apanda kwa mwenzangu anayekimbiza. Mmoja mmoja hatuwezi, sharti liwe la wote na asiyefuata asimamishwe stejini. Chuo chafunguliwa saa zilezile kila siku, tuambieni saa hizo njia ile ifungwe kabisa, tutazunguka upande wa pili, ni dakika mbili tu. Mimi nitalisema kwa wenzangu Ijumaa.

MamaWawili_Amu

Allah awalipe nyote, nimesoma nikalia. Leo nilikaa kizingitini pa chuo baada ya alasiri na daftari la mwanangu, nikahesabu pikipiki 23 kabla watoto hawajaisha kutoka. Karatasi hiyo naiambatanisha na barua. Maalim amekubali kuanzia Jumamosi kamba ifungwe kutoka nguzo ya umeme mpaka mlango wa duka, watoto wakitoka ifungwe, wakiisha ifunguliwe, na mzee mmoja jirani amesema atatoa kiti chake akae pale konani kila siku. Ndugu yangu wa boda, hiyo Ijumaa niambie ni saa ngapi nije na mimi. Sahihi mpaka sasa ni 14, kesho naingia nyumba za upande wa pili.