Naomba ushauri: tangawizi ya gesi ya nyumbani, chupa zinapasuka

BintiWete:
Assalamu alaykum. Natengeneza tangawizi ya gesi hapa nyumbani Wete: tangawizi mbichi, sukari, ndimu na hamira ya mkate. Ladha imekaa vizuri na nnataka niwauzie majirani. Shida ni chupa. Nikizifunga, kutwa moja tu zimevimba, na ya kioo imepasuka usiku kabatini. Sukari naweka gramu 100 kwa lita. Nipunguze hamira? Na linalonikera zaidi: ikikaa, haigeuki ulevi? Sitaki kumuuzia mtu kitu cha shaka.

FundiMkate:
Waalaykum salaam dada. Ukipunguza hamira utachelewesha tu. Hata chembe inazaliana, na itakula sukari mpaka iishe au ishindwe. Gesi ya kutosha hutoka kwenye gramu 12 hadi 15 tu za sukari kwa lita. Zote zilizobaki zinaendelea kutoa gesi mumo humo chupani, na kwa joto letu hili hazichukui muda.

Vioo achana navyo leo leo, vipande vyake vinatoa macho. Tumia chupa za plastiki za soda, ndizo zilizotengenezwa kubeba gesi. Minya kila baada ya saa chache. Ikishakuwa ngumu kama mpya ya dukani, tia friji hapo hapo. Baridi haiiui hamira, inailaza tu.

BiMkubwa_Chake:
Mwanangu, usiitie hamira kwenye maji ya moto, itakufa. Subiri mpaka kidole kistahamili. Tangawizi nusu ichemshe na sukari, nusu itwange uikamue mbichi mwisho pamoja na ndimu, ule ukali usipotee. Chuja kwa kitambaa safi. Na chupa za plastiki usizisuuze kwa maji yanayochemka, zitajikunja.

Mwl_Kemia:
Hamira ikitoa gesi inatoa na alkoholi, haviachani. Gramu 17 hivi za sukari kwa lita ni kama asilimia 1 ya alkoholi. Kwa hiyo gesi ikishatosha, tayari uko karibu na hapo. Zikiliwa zote 100, unafika karibu asilimia 6, na hiyo ni nguvu ya bia. Ionje: kila utamu unavyopungua, ulevi unazidi. Hukumu yake waulize masheikh, mimi si mahala pangu.

Ila kwa biashara nakusihi uache hamira kabisa. Umeme ukikatika kutwa, hamira yote inaamka, na chupa ziko kwa watu wenye watoto. Pika sharubati nzito ya tangawizi. Akija mteja, mimina kipimo kimoja kwa vinne vya maji ya gesi ya dukani. Gesi ipo, alkoholi ya hamira hakuna.

BintiWete:
Nimefahamu, Mwalimu, Allah akulipe. Basi ya kuuza ni sharubati. Kipimo chake vipi, na inakaa muda gani?

BiMkubwa_Chake:
Sukari kilo moja kwa maji lita moja, tangawizi nusu kilo, moto mdogo. Ndimu tia ikishapoa. Friji wiki mbili haina neno. Ukiona povu juu au kifuniko kinafyatuka, mwaga.