Mrejesho: Riwaya fupi ya muuaji anayeandamwa na cen

Wakuu, niliuliza hapa nifanyeje ili majuto ya muuaji wangu yasomeke bila yeye kulialia kila ukurasa. Asanteni sana kwa michango.

Nilimsikiliza ndugu mmoja wa Gulu aliyenijibu: nimeondoa jini lililokuwa likimwandama mwanzoni, nikaweka cen, roho ya aliyeuawa ambayo kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda humwandama muuaji. Sasa kila akimega tonge, marehemu anamtajia jina la mwanawe. Wasomaji wangu wa Kampala wanasema hapo ndipo walipoogopa kweli.

Ushauri wa kumalizia kwa mato oput, tambiko la Waacholi la kupatanisha koo baada ya mauaji, haukunifaa. Ukoo wa muuaji lazima kwanza ukiri na kulipa fidia, ndipo pande zote mbili zinywe ule mzizi mchungu kwenye kibuyu kimoja. Riwaya fupi haina nafasi hiyo. Anayeandika ndefu autumie.