Naomba ushauri: mimea ya kutambaa kwenye ardhi iliyochimbwa dhahabu

Habari zenu ndugu wakulima. Shamba alilotuachia marehemu baba hapa Busia, upande wa Uganda, lilichimbwa dhahabu. Wachimbaji wameondoka, limebaki mashimo na vifusi vya changarawe. Mvua ikinyesha, udongo wote unateremka hadi kisimani. Inaniuma sana.

Nafikiria kupanda fiwi na mukuna, mimea ya jamii ya kunde, kwa kuwa hutambaa upesi, hufunika ardhi, na mizizi yake huongeza naitrojeni, yaani rutuba, kwenye udongo. Ila wachimbaji walitumia zebaki, ile metali yenye sumu, kunasa dhahabu. Je, mbuzi wakila majani hayo ni salama? Maana kuwazuia ni kazi kweli. Na miche yangu ya miti ya migrivea, haitasongwa na mimea hiyo? Aliyewahi kufufua ardhi ya hivi, alianza na samadi au alipanda moja kwa moja mvua za Machi?