Watanzania tumezaliwa wapole, au tulifundishwa?

MamaChungwa (mleta mada)

Salaam wana jukwaa, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi mama wa miaka 52, naishi Makorora hapa Tanga mjini, kazi yangu machungwa. Nayafuata shambani Muheza, nawauzia matajiri wa Mombasa wanaoingia na malori yao kupitia mpaka wa Horohoro. Huu mwaka wa 19 niko katika kazi hii, na miaka yote nimezoea kuambiwa na Wakenya kwamba sisi Watanzania ni wapole. Sikuwahi kuona ubaya wake. Pwani hii mtu akikusifu upole amewasifu na waliokulea.

Tarehe 25 Juni 2024 tulikuwa tunapakia. Msimu umekolea, vijana wako juu ya miti, lori limefika nusu. Tajiri wangu mmoja anayeuza soko la Kongowea, Mombasa, hakuwa na habari na mzigo wake. Kashika simu, anawatazama vijana wa Nairobi wanaingia Bungeni. Kesho yake rais wao akatangaza hautii saini ule muswada wa fedha. Yule bwana akaniambia, wala hakusema kwa ubaya: "Mama, nyinyi wangewapandishia kodi hivi mngesema Mungu yupo." Nikamjibu sisi hatukulelewa kwa fujo, sisi ni watu wa amani. Nilijibu kwa fahari, kifua mbele. Nilikuwa naamini.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, na maandamano yakazuka. Binti yangu anasoma Dar es Salaam. Intaneti ikazimwa nchi nzima, Dar ikatangazwa marufuku kutoka nje kuanzia saa 12 jioni. Nilikaa barazani na simu mkononi mpaka mkono ukafa ganzi. Ilipopatikana simu ya kawaida akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama niko ndani, tumelala sakafuni." Basi. Ikakatika.

Aliporudi nyumbani likizo hakusema mengi. Siku moja tunamenya muhogo uani, akaniuliza: "Mama, tangu niko mdogo mnatuambia Mtanzania ni mpole. Wale niliowaona barabarani ni raia wa wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Ndiyo naleta kwenu. Huu upole wetu, huku kuogopa mabadiliko na kuthamini utulivu, ni tabia tuliyozaliwa nayo kama taifa? Au tulifundishwa, na anayefundishwa anaweza kusahau? Nawaomba wenye umri na wenye kusoma wanijibu. Matusi ya vyama wekeni pembeni, nina haja ya jibu.

Chumbageni_Spea

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata wewe na binti. Nitakujibu kama mfanyabiashara.

Mwanzoni mwa 2008 kaka yangu alikuwa na duka Nakuru. Baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa Wakenya zaidi ya 1,000. Duka la kaka lilichomwa na watu waliokuwa wateja wake, anawajua kwa majina. Alivuka mpaka na begi moja na watoto watatu, akafikia kwangu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia Watanzania ni waoga, namwacha aseme.

Tazama majirani wote wanaotuzunguka, halafu utazame kwetu. Mwalimu Nyerere aling'atuka 1985 kwa hiari yake. Mwinyi miaka kumi, akatoka. Mkapa kumi, akatoka. Kikwete kumi, akarudi zake kijijini Msoga. Machi 17, 2021 Rais Magufuli akafariki akiwa madarakani, jambo ambalo halikuwahi kumtokea Rais wa Muungano, na tarehe 19 Makamu wake akaapishwa. Siku zile mimi nilifungua duka saa 2 asubuhi kama kawaida. Kuna nchi ngapi hapa Afrika rais anafia madarakani na muuza spea anafungua duka?

Na hili la tabia ya taifa si la kubahatisha, limeshahesabiwa. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka 1991 kuuliza watu kama wanataka vyama vingi. Takriban watu 80 katika kila 100 walisema tubaki na chama kimoja. Tume yenyewe ndiyo iliyopendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa 1992. Wananchi wa kawaida hawakuwa na haraka. Ndivyo tulivyo, na mimi sioni aibu. Yaliyotokea Oktoba naomba Mungu yasirudi.

Nahodha_DeepSea

Mkuu wa spea, hoja yako naiheshimu, ila unasema kama vile wakimbizi siku zote hutoka kwao kuja kwetu. Januari 26 na 27, 2001 Pemba watu walipigwa risasi kwenye maandamano ya uchaguzi, na baada ya hapo Wapemba kwa mamia wakapanda mashua usiku kukimbilia Shimoni. Shimoni ni Kenya. Mimi nilikuwa baharia kijana, mashua yetu ilipishana nao. Wanawake wamebeba watoto, hakuna anayeongea. Wao nao ni Watanzania wapole, au Pemba hamuihesabu?

Mwalimu_Mstaafu_Pangani

Marahaba mwanangu MamaChungwa. Umeuliza swali ambalo nililikwepa darasani miaka 34.

Nimefundisha historia Muheza na hapa Pangani, na kila mwaka nilikuwa naandika ubaoni kwamba Mtanzania kwa asili ni mpenda amani. Kwa asili! Na huku dirishani naona njia ya kwendea ufukweni, na mji ni huu huu Wajerumani waliomnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga, Desemba 15, 1889. Mwaka mmoja nyuma yake, Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilikuja kupandisha bendera na kukusanya ushuru, mji ukakataa. Bagamoyo ikakataa, Sadani kwa Bwana Heri wakakataa, mwambao mzima ukawaka. Walipigana matajiri wa misafara na wapagazi, Waarabu, Waswahili na Wazigua. Hao ndio wazee wetu.

Sogea karibu zaidi. Miaka ya 1950 Wasambaa walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko ya mashamba yao, eti kuzuia udongo usisombwe. Waligoma, walipinga barazani, waling'oa, mpaka kufika 1957 mpango wote ukaachwa. Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge Mazinde, pale karibu na Mombo, wakagoma kwa wiki na wiki. Watu wa mkonge! Manamba waliotoka Songea, Kigoma na Tabora kwa mkataba, hawana ndugu wala shamba, na bado wakaweka chini mapanga ya kukatia.

Sasa ilikuwaje tukanyamaza? Nikuonyeshe miaka. 1962 ikatungwa sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali uwe karibu na muhali. Mwaka huo huo ikapita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, serikali ikabidi iwaite Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Baada ya hapo viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, vyama vikavunjwa, ikabaki NUTA peke yake, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. 1965 katiba ikasema chama ni kimoja. Na kila nyumba kumi zikawa na balozi wake, ambaye ndiye anayekuandikia barua ukiwa na shida, na ndiye anayejua umelala wapi.

Simlaumu Mwalimu Nyerere kwa wepesi. Alikuwa na nchi ya makabila zaidi ya 120 na jeshi limeasi hata miaka mitatu ya uhuru haijatimia. Labda angekuwa mwingine angemwaga damu. Lakini tusiite asili kitu ambacho naweza kukutajia mwaka kilipoanza.

Ila nisikudanganye, upo upole mwingine ambao haukuletwa na sheria yoyote. Nimekulia kambi ya mkonge, baba yangu Mngoni. Wangoni na Wahehe walichinjana vibaya sana karne ya 19. Kambini kwetu walikuwa watani. Alipofariki baba, Mhehe mmoja alishuka kaburini akalala, akasema huyu mwizi wa ng'ombe zetu hazikwi mpaka nilipwe. Watu wakacheka huku machozi yanatoka, mama akampa kitenge, ndipo akapanda juu, na ndiye aliyetupia udongo mwingi kuliko wote. Watu waliopigana ndio wanaotaniana, na utani ule walijitungia wenyewe, hakuna aliyewasimamia. Upole wa namna hiyo mimi nitautetea mpaka nife. Una masharti: kila mmoja anaruhusiwa kumwambia mwenzake ukweli usoni. Mtani asiyeruhusiwa kusema hawi mtani tena.

KijanaKwaminchi

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Mimi bodaboda, nina miaka 26. Nitasema kidogo tu. Wakubwa mkisema Watanzania hawataki mabadiliko, mnasahau kwamba tuliulizwa tukajibu. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka tume ya Jaji Warioba, baba alienda kutoa maoni ya katiba kwenye mkutano, akavaa kanzu yake ya Ijumaa. Watu walipanga foleni kwenye kipaza sauti, hakuna aliyerusha hata jiwe. Bunge Maalumu la Katiba likakaa 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, haikupigwa mpaka leo. Huo ulikuwa ni upole na ulikuwa unadai mabadiliko, vyote kwa pamoja. Baba bado ana kile kikaratasi alichoandika pointi zake.

Chumbageni_Spea

Kijana, hapo nakubaliana na wewe. Hilo la katiba hata mimi liliniuma. Nahodha, na wewe umenishika, Pemba niliisahau. Lakini Mwalimu, hujanijibu hesabu ya Nyalali. Watu 80 kwa 100. Wale nao walifungwa midomo na sheria ya 1962? Tume ilikuja kuwauliza waziwazi!

MamaChungwa (mleta mada)

Ahsanteni nyote, na Mwalimu, Mungu akuzidishie umri.

Kaka wa Chumbageni, hilo swali uniachie mimi nilijibu, maana nimekaa nalo usiku wa jana wote.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 17. Baba yangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge mpaka zitoke singa, kwenye shamba moja njia ya Korogwe. Tulikaa nyumba ya shamba. Jioni moja ukaitishwa mkutano wa kutoa maoni juu ya vyama vingi, na mimi nilikwenda na kina mama, tukakaa nyuma. Baba akanyoosha mkono. Mtu mkimya yule, sikuwahi kumwona akisimama mbele za watu. Akasema: "Chama kimoja kiendelee. Vyama vingi vitatuletea vita." Akapigiwa makofi, nikajisikia fahari kubwa.

Usiku nikapeleka maji ya kuoga nikamsikia anaongea na mama. Mama alimuuliza, mbona wewe mwenyewe siku zote unasema tunahitaji watu wa kuwauliza hawa wakubwa? Baba akamjibu: "Nimesimama pale, mbele yangu yuko meneja, kushoto yuko balozi, na nyumba hii si yangu. Ungependa nisemeje?" Akanyamaza, kisha akaongeza: "Na vita naviogopa kweli. Hilo sikudanganya."

Kwa hiyo kaka, baba yangu yumo ndani ya ile 80 yako. Alihesabiwa. Aliogopa vita kweli, na aliogopa kufukuzwa nyumba kweli, na alitaka mabadiliko kweli, vyote vitatu ndani ya mtu mmoja, halafu kikaandikwa kimoja. Sijui wako wangapi kama yeye. Sisemi wote. Lakini tangu binti aniulize lile swali, nikisikia mtu anasema Mtanzania ndivyo alivyo, namwona baba amesimama pale na kofia mkononi.

Na mimi nilivyomjibu yule tajiri wa Kongowea, nilisema kama baba. Amani naipenda, duka lako likichomwa nitalia na wewe, na nilivyokaa barazani ule usiku wa Oktoba nilijua thamani ya utulivu kuliko siku yoyote. Nilichokosea ni kumwambia binti kwamba hiyo ndiyo damu yetu, nikadhani nimemaliza.

Baba amefariki 2009. Hadithi hii sijawahi kumsimulia mjukuu wake, nimemsimulia leo asubuhi tukiwa tunapanga matenga. Aliacha kupanga. Akaniuliza, "Babu alisema hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nirudie pale kwenye nyumba.

Mwalimu, anataka kukuona kabla hajarudi chuo. Jumamosi sina mzigo, basi la asubuhi la Pangani tunaweza kuliwahi. Kama afya inaruhusu niandikie faragha unielekeze nyumbani. Tutakuletea machungwa, na yeye ana maswali yake ameyaandika kwenye daftari, mengi ni ya Mazinde.