Naomba ushauri: lenzi ya 70-300 chini ya miti ya Jozani

Assalam alaykum wakubwa zangu. Nimepata kamera ya kubadilisha lenzi, ya kwanza maishani mwangu, pamoja na lenzi ya milimita 70-300 yenye f/4-5.6 (f ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Hamu yangu kubwa ni kuwapiga picha kima punju wa msitu wa Jozani. Kiasili mnyama huyu ni wa Unguja tu, na natamani picha zake nzuri zipigwe na sisi wenyewe wa hapa.

Tabu ni mwanga. Nikiiacha kamera kwenye otomatiki kule msituni, kasi ya kufunga picha inashuka hadi 1/60 ya sekunde, na kima hatulii, basi picha inatoka imetikisika. Nikivuta hadi 300, lenzi inafunguka f/5.6 tu. Nafahamu kwamba kwa urefu huo kasi isipungue 1/300, lakini nikifuata hivyo ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda hadi 6400 na chengachenga zinajaa kwenye manyoya. Mimi naona bora chenga kuliko kutikisika. Wazoefu mnasemaje? Au nisivute sana?

La pili, uso wa kima ni mweusi na nyuma yake majani yanawaka jua, kwa hiyo uso unapotea kabisa. Mnapima mwanga usoni peke yake, au mnauongeza kwa mkono?

Na mnaopiga pwani ya Paje au Nungwi, lenzi mnabadilishia wapi kwa ule upepo na mchanga?

Stendi ya miguu mitatu bado sina. Natanguliza shukrani.